Neno kwa Wazazi: Chuo cha Pili Kichaguliwe Mapema



Siku matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa ya Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kalemie hubadilika sura. Vijana waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, akina mama hupiga vigelegele, na baba hununua vinywaji kwa ajili ya majirani, hata kama mfuko wake haumruhusu. Furaha hiyo ni ya haki, kwa maana jamaa imehangaika miaka mingi ili kuifikia siku ile. Lakini poda huoshwa kesho yake, na hapo swali jipya huketi nasi mezani: mtoto huyu sasa atasoma wapi?

Katika jamaa nyingi jibu ni moja tu, nalo lilitolewa tangu mtoto akiwa shule ya msingi: «Ataingia Chuo Kikuu cha serikali, naye atakuwa mganga.» Ni jibu zuri, wala hatuna neno baya la kulisema. Upungufu wake ni kwamba nyuma yake hakuna jibu jingine. Mlango huo ukifungwa, jamaa nzima husimama nje pamoja na mtoto, bila kujua njia ya kushika. Ndiyo sababu leo twataka kusema nanyi juu ya chuo cha pili: kichaguliwe lini, kichaguliwe namna gani, na mtoto aambiwe nini.

Kwa nini mlango wa kwanza hauna hakika

Wazee wetu hawakuwa na shida hii, kwa sababu hawakuwa na cha kuchagua. Lovanium, karibu na Kinshasa, ilianza mwaka 1954. Chuo kikuu cha Elisabethville kilianza kufundisha mwaka 1956. Kile cha Stanleyville mwaka 1963. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hamsini. Mwaka 1971 vyuo vikuu hivyo vitatu vilifanywa kuwa kimoja, na mwaka 1981 vikatenganishwa tena, ndipo tukapata Chuo Kikuu cha Kinshasa, cha Kisangani na cha Lubumbashi. Tangu hapo vyuo vingine vingi vimezaliwa, vya serikali, vya makanisa na vya watu binafsi. Kwa hiyo baba wa leo ana kazi ambayo babu yake hakuwa nayo: kupima na kuchagua.

Mtihani wa Serikali ulianzishwa mwaka 1967. Diploma hupewa mtu asiyepungua 50 kwa mia. Basi, fahamuni neno hili vizuri: aliyepata 52 na aliyepata 76, wote wawili wana diploma, na wote wawili wana haki ya kubisha hodi katika chuo. Lakini haki ya kubisha hodi si kiti ndani ya nyumba. Masomo ya uganga na ya uhandisi hutafutwa na vijana wengi kupita nafasi zilizopo, na chuo huweza kuwapima tena wanaoomba, au kutazama alama zao na tawi walilosoma katika sekondari. Maabara ina meza zake zilizohesabiwa, na hospitali ya kujifunzia ina vitanda vyake. Kijana mwema, mwenye akili na mwenye bidii, aweza kukosa nafasi, wala asiwe na kosa lolote.

Tena kuna sababu nyingine ambazo hazimo kabisa mikononi mwa mtoto. Mwaka wa masomo waweza kucheleweshwa na mgomo wa maprofesa. Baba aweza kupoteza kazi mgodini mwezi uleule wa kulipa. Vita navyo huja bila kuomba ruhusa: mwaka 2025, Goma ilitekwa mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, na jamaa nyingi za Kivu zikaona mipango yao ya miaka mingi ikivurugika katika siku chache. Nani atasema kwamba watoto wale walikuwa wavivu?

Jamaa iliyongoja

Fikirini jamaa moja kama nyingi tunazozijua. Kijana wa kwanza amepata 57 kwa mia, tawi la biolojia na kemia. Baba yake amekwisha kuwaambia watu wote wa mtaa kwamba mwanawe atakuwa mganga. Kijana anaomba nafasi ya uganga katika Chuo Kikuu, wala haombi mahali pengine popote. Anakosa. Rafiki mmoja amwambia baba kuhusu chuo cha uuguzi, lakini baba ajibu kwa hasira: «Mimi sikumsomesha mwanangu ili aje kubeba mabeseni.» Wakati maneno hayo yakisemwa, vyuo vingine vyafunga kuandikisha. Mwaka wapita. Kijana yumo nyumbani. Kwanza anasoma vitabu vyake, halafu anasoma kidogo, halafu anakaa njiani pamoja na wengine wasio na kazi.

Mwaka unaofuata dada yake naye afanya Mtihani wa Serikali, apata 64. Lakini fedha zilizowekwa zimeliwa katika mwaka ule wa kungoja: mwalimu wa kumrudishia kijana masomo, karatasi, safari za kwenda kuonana na mtu anayesemekana kuwa na uwezo wa «kusaidia». Basi dada aambiwa: «Wewe ngoja kwanza.» Mwaka mmoja wa baba kukataa umekuwa miaka miwili ya watoto wawili. Na lililo baya kupita yote, kijana ameanza kuficha mawazo yake, kwa sababu ameona kwamba baba yake aliipenda sifa ya mtaani kuliko alivyompenda yeye. Huenda si kweli, lakini ndivyo alivyoelewa.

Jamaa hiyo haikukosa akili wala upendo. Ilikosa karatasi moja yenye majina matatu, iliyoandikwa kabla ya mtihani.

Kanuni za kuchagua

La kwanza: tazameni kazi kabla ya jina la chuo. Mwulizeni mtoto apenda nini hasa katika uganga. Akisema apenda kukaa karibu na wagonjwa na kuwatunza, chuo cha juu cha ufundi wa tiba, kile kinachoitwa ISTM, kitamfundisha uuguzi au ukunga, na kazi hiyo itamweka karibu na mgonjwa kuliko mara nyingi daktari mwenyewe. Akisema apenda kuchungua damu na vijidudu, ISTM ina masomo ya maabara. Akisema apenda elimu ya viumbe, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama na kitivo cha sayansi. Akisema apenda kueleza wengine mambo aliyoyafahamu, chuo cha ualimu, yaani ISP, kitamfanya mwalimu wa biolojia na kemia, na shule zetu zamlilia mwalimu wa namna hiyo. Vivyo hivyo anayetaka uhandisi aweza kutazama chuo cha ufundi, ISTA. Anayetaka uchumi aweza kutazama chuo cha biashara, ISC. Chuo cha pili kilichochaguliwa hivi si adhabu, bali ni njia nyingine ya kufikia kilimo kilekile.

Akisema tu, «Nataka niitwe daktari,» basi mmegundua jambo kubwa kabla ya kulipa hata franka moja.

La pili: wekeni vyuo vitatu, kila kimoja mahali pake. Cha kwanza ni kile cha matumaini, ambacho mtoto akitamani, hata kama nafasi yake ni ndogo. Cha pili ni kile ambacho watoto wenye alama kama zake huingia kwa kawaida. Cha tatu ni kile cha hakika: alama zake zatosha, fedha mnazo, na safari si ngumu. Wazazi wengi huandika vyuo vitatu vya matumaini, halafu husema wamechagua vitatu. Hao wamechagua kimoja tu mara tatu. Mtoto anayetaka uganga Lubumbashi, akiongeza uganga Kinshasa na uganga Bukavu, hajajiwekea akiba. Iwapo alama zake hazitoshi mahali pamoja, huenda hazitatosha pengine.

La tatu: hakikisheni kwamba chuo kinatambuliwa na serikali. Hapa twawaonya kwa nguvu. Siku hizi kibao chenye maneno «chuo kikuu» chaweza kutundikwa juu ya nyumba ya vyumba vitatu. Zaidi ya mara moja serikali imefunga vyuo visivyotimiza masharti, na wanafunzi wakabaki na risiti mikononi. Ombeni kuona hati ya ruhusa ya Wizara ya Elimu ya Juu. Ulizeni pia kama ruhusa hiyo yahusu masomo yenyewe anayoyataka mtoto, kwa maana chuo chaweza kuruhusiwa kufundisha sheria, lakini kisiruhusiwe kufundisha uganga. Kisha tafuteni watu wawili au watatu waliomaliza huko, mwaulize wanafanya kazi gani leo. Maneno ya mtu aliyemaliza yana uzito kupita picha zote zilizobandikwa ukutani. Na msisahau kwamba chuo cha watu binafsi si lazima kiwe kibaya, wala cha serikali si lazima kiwe bora. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 1989, na wengi waliotoka humo wanaheshimiwa katika kazi zao.

La nne: hesabuni gharama yote, si ada peke yake. Ada ni kama bei ya mbegu. Shamba bado lataka jembe, palizi na mlinzi. Tufanye hesabu ya mfano, kwa kiasi tulichokibuni ili kufundisha tu. Tuseme chuo cha mbali chadai dola 450 kwa mwaka. Chumba ni dola 30 kwa mwezi, chakula dola 50 kwa mwezi, kwa miezi 10. Hiyo ni dola 800. Safari za kwenda na kurudi ni dola 120. Jumla ni dola 1.370 kwa mwaka. Sasa chuo cha karibu chadai dola 600. Mtoto alala nyumbani na kula katika sufuria ya mama yake, na basi ni dola 15 kwa mwezi, yaani 150. Jumla ni dola 750. Chuo kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu. Kwa miaka 3 cha mbali kitadai dola 4.110, na cha karibu dola 2.250, tofauti ni dola 1.860. Fedha hiyo ni elimu ya mtoto mwingine. Andikeni pia vitabu, mazoezi ya maabara, kipindi cha kujifunza kazini, na gharama za mwaka wa mwisho. Mtoto anayeanza vizuri na kuacha katika mwaka wa pili kwa kukosa fedha amepoteza kuliko yule aliyeanza mahali pa unyenyekevu na kumaliza.

La tano: chuo cha tatu kiwe mahali ambapo mtoto atakubali kweli kwenda. Chuo ambacho amekwisha kuapa kwamba hatakanyaga ni jina tu karatasini. Mpelekeni akakione. Atembee uani, aingie darasani, aseme na wanafunzi. Mara nyingi dharau ya kijana hutokana na kutojua, na yaweza kuisha kwa asubuhi moja.

La sita: binti asifanywe akiba ya kaka yake. Katika nyumba nyingi, fedha zikipungua, ni msichana anayeambiwa angoje, hata kama alama zake ni bora. Naye anayengoja nyumbani huanza kutazamwa na wachumba, na mara kungoja kwa mwaka mmoja kumekuwa mwisho wa masomo. Kila mtoto awe na karatasi yake yenye majina matatu, na fedha za mmoja zisitumiwe kumtafutia mwingine mlango uliokwisha kufungwa.

Je, mshika mbili moja humponyoka?

Wako watakaotujibu kwa methali hiyo. Watasema kwamba mtoto akijua kuna chuo cha pili, hatajitahidi kwa ajili ya cha kwanza. Twaiheshimu methali, lakini hapa haikuwekwa mahali pake. Methali yamwonya mtu anayetaka kutumia vitu viwili kwa wakati mmoja. Sisi hatusemi mtoto asome vyuo viwili. Twasema ajiandae kwa vyuo vitatu na asome kimoja. Mvuvi wa Tanganyika hapeleki mtumbwi ziwani bila kopo la kuchotea maji, wala hakuna anayemwambia kwamba kopo hilo litamfanya apige kasia vibaya. Kinyume chake, kijana anayejua kwamba hatapotea akishindwa huingia mtihanini moyo umetulia. Anayefikiri kwamba maisha yake yote yamo katika karatasi moja hutetemeka, na mkono unaotetemeka huandika vibaya. Tena wengine hujaribiwa kununua majibu au kumwonga mtu. Hofu ni mlango mpana wa udanganyifu.

Wengine watauliza: «Akiingia chuo cha pili, je, amefungwa humo milele?» Hapana. Kwa utaratibu mpya uitwao LMD, ulioanza kutumika katika vyuo vyetu mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja wa masomo una krediti 60, na licence ina krediti 180 kwa miaka 3, mahali pa graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 tuliyoizoea zamani. Kusudi moja la krediti hizo ni kwamba kazi iliyofanywa mahali pamoja iweze kuhesabiwa pengine. Hata hivyo msijitegemeze juu ya ahadi ya mdomo: chuo kinachopokea ndicho chenye neno la mwisho, nacho kitataka masomo yafanane. Ulizeni kabla, na jibu liwe kwa maandishi.

Na yule asiyefika 50 kwa mia? Naye ni mtoto wenu. Aweza kurudi mtihanini mwaka unaofuata, hata nje ya shule, kama mtu anayejisomea mwenyewe. Lakini mwaka huo usiwe mtupu. INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, hufundisha ufundi wa magari, umeme, useremala na kazi nyingine. Haitoi shahada ya chuo kikuu, lakini hutoa mikono inayojua kazi. Akifaulu baadaye, ufundi wake utamlipia sehemu ya ada. Asipofaulu, hatalala njaa.

Wakati wa kufanya hivyo

Msingoje poda. Mwanzoni mwa mwaka wa mwisho wa sekondari, andikeni majina matatu. Katikati ya mwaka, mtazame alama za mtoto bila kujidanganya, na kama zimepanda au kushuka, mbadilishe majina. Kabla ya mtihani, kusanyeni karatasi ambazo vyuo vingi huziomba: ripoti za miaka ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, na picha. Fanyeni nakala kadhaa, kwa kuwa diploma yenyewe huweza kuchelewa, na mwenye karatasi tayari hutangulia. Andikeni siku ya mwisho ya kuandikisha ya kila chuo, na siku ile ya chuo cha tatu mwipige mstari mwekundu. Maana mara nyingi chuo cha hakika hupotea, si kwa sababu kilimkataa mtoto, bali kwa sababu jamaa ilikuwa bado yangoja jibu la cha kwanza. Ikiwa kiasi kidogo cha fedha chatosha kumwekea mtoto nafasi huko, pimeni kama si afadhali kupoteza hicho kuliko kupoteza mwaka.

Limebaki neno moja, nalo ni la baba na mama peke yao. Mtoto hupima thamani ya chuo cha pili kwa kutazama uso wa mzazi. Baba akikitaja kwa sauti ya msiba, mtoto ataingia humo kama anayeingia gerezani. Akikitaja kwa heshima, mtoto atakwenda akiwa ameinua kichwa. Basi, kabla ya mtihani, na si baada yake, mwite, umketishe karibu nawe, umwambie kwa maneno yako mwenyewe: «Mwanangu, hivi ni vyuo vitatu tulivyovichagua pamoja. Tutafurahi ukiingia cha kwanza. Ukiingia cha tatu, nitakusindikiza mimi mwenyewe hadi mlangoni, na watu wa mtaa nitawaambia jina la chuo hicho bila kuona haya.»

Kisha mpe kalamu, aandike majina matatu kwa mkono wake. Karatasi hiyo iwekwe mahali pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za nyumba, ili siku ya matokeo, yawe mazuri au mabaya, nyote mjue ilipo.